Ujumbe Niliompa Mkwe

Nilimwambia mke wa mwanawe amwambie mzee kwamba dawa hizi zitaugeuza mkojo wake uwe mwekundu, asiogope. Ndivyo nilivyosema, nikiwa nimevaa koti jeupe lililonizidi mikono, kwenye dirisha la dawa la kliniki ya kifua kikuu, Ifakara. Yule mama akatazama chini, akasema, "Nimesikia." Nikamwamini. Leo nikikumbuka aibu inanipanda kuanzia shingoni, maana kwa maneno yale machache nilikaribia kumuua mtu.

Nilikuwa mwanafunzi wa famasia, mwaka wa mwisho, na Ifakara nilipelekwa fildi, mafunzo ya vitendo, kwa muhula mzima. Tulikuwa wawili. Mwenzangu aliugua tumbo wiki ya kwanza, akarudi kwao na hakurejea, nikabaki mwenyewe katika chumba chetu cha vitanda viwili. Kitanda chake sikukigusa mpaka mwezi wa pili. Baadaye nikawa naanika nguo juu yake, na sioni haya kusema kwamba nilikuwa nakiaga nikitoka asubuhi.

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, nimekulia kwenye uwanja ambao huwezi kukohoa bila watu watatu kukuuliza una nini. Ifakara watu ni wema, wanasalimia vizuri, tena wanashuka kwenye baiskeli kukusalimia kama umewazidi umri. Lakini salamu ina mwisho wake. Ukishaitikia, mwenzako anapanda baiskeli yake anakwenda kwake, na wewe unabaki unatazama tairi likikata matope. Jioni nilikuwa natembea mpaka kwenye mashine za kukoboa mpunga, nasimama pale kama mtu mwenye gunia ndani, kumbe nasikiliza tu watu wakibishana. Mwezi mtukufu ulinikuta wiki ya tatu. Nilifuturu tende tatu na uji, huku redio ya jirani ikitangaza mpira, na siku ya Idi nilipiga simu nyumbani mara nne mpaka mama akaniuliza kama ninaumwa.

Kabla ya kuondoka chuoni tulifundishwa somo la kuwahudumia watu kwa kuheshimu mila zao. Somo zuri, sikatai. Mwalimu wetu alituonyesha jedwali: safu ya kwanza jina la jamii, ya pili imani zao, ya tatu namna imani hizo zinavyoharibu matumizi ya dawa. Tukapewa dodoso la kurasa nne na kazi ya kuandika ripoti. Basi mimi nikaingia bonde la Kilombero nimejiandaa kukutana na hirizi, mizizi, waganga na mizimu ya mtoni. Kila mzee aliyekohoa mbele yangu nilimwangalia shingoni nione kama kavaa kitu. Nilikuwa naitafuta mila kama mtu anayetafuta funguo ambazo kazishika mkononi.

Mzee ninayemsema alikuwa Mndamba, mvuvi na mkulima wa mpunga, mjane, aliyeletwa kliniki amekaa kwenye keria ya baiskeli huku mke wa mwanawe akiisukuma. Alikuwa amekonda, shati limemning'inia. Wanaokohoa walisubiri nje, kwenye benchi la barazani, ili hewa ipite, kwa hiyo mzee alibaki kule na mkwe wake akaingia ndani na karatasi za vipimo. Muuguzi wa kliniki, mama wa Kipogoro mtu mzima, mkali, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, akamuuliza nani anaishi na mgonjwa. Akasema ni yeye tu. Mume wake alikuwa ng'ambo ya Malinyi kwenye mashamba, na mtoto wao anasoma Mahenge kwa shangazi yake.

Kila mgonjwa wa kifua kikuu ana kadi, na kwenye kadi kuna mstari wa kuandika jina la msimamizi, mtu wa nyumbani atakayemwona akimeza dawa kila siku. Tuliandika jina la yule mama. Anajua kusoma, anaishi naye, ametulia. Haikutuchukua hata dakika moja.

Nikampa maelekezo kupitia dirishani. Vidonge vitatu kila asubuhi kabla ya chai. Umwone akimeza, kisha weka alama ya vema kwenye siku hiyo. Asiache hata siku moja, hata akijisikia amepona. Nikamalizia na ule mkojo. Nilisema kwa sauti, kwa haraka, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na mvua ilikuwa inapiga bati. Mzee mwenyewe alikuwa benchini, hatua ishirini kutoka niliposimama. Sikutoka kumwambia. Nilimaliza, nikaita anayefuata, na nikajiona nimefanya kazi safi.

Miezi miwili ilipita. Kila walipofuata dawa nilimwona yule mama dirishani, ananipa kadi, naangalia alama, nampa dawa. Mzee alibaki benchini. Sikujiuliza kwa nini haongezeki mwili.

Mwisho wa mwezi wa pili makohozi hupimwa tena, na ya mzee yalirudi yana vijidudu vilevile, kama vile hajawahi kuonja dawa. Muuguzi akaichukua kadi. Alama za vema zilikuwa zimejaa, kalamu ya bluu, zimenyooka zote, hakuna siku iliyorukwa.

"Mama, ulikuwa unamwona akimeza?" muuguzi akauliza.

"Nilikuwa namwekea."

"Sijauliza kuweka. Nauliza kuona. Ulimwona kwa macho yako?"

Yule mama akashika pindo la kanga yake, akaanza kulikunja na kulikunjua.

"Hapana."

"Kwa hiyo hizi alama zote ni uongo!"

Foleni nzima ilisikia. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni aliguna. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha, nikapanga upya maboksi ambayo yalikuwa yamepangwa. Kibaya zaidi ni kwamba nilikubaliana na muuguzi. Moyoni nilisema huyu mama ni mwongo na amemponza mzee wa watu.

Siku iliyofuata muuguzi akanipa baiskeli ya kliniki. "Mwanafunzi," akasema, maana hakuna aliyewahi kuniita kwa jina pale, "nenda kwao ukaangalie kuna nini. Na hilo dodoso lako lichukue, angalau lifanye kazi."

Nikafuata barabara ya kwenda darajani, mashamba ya mpunga yamejaa maji pande zote mbili, nikakata kushoto kwenye njia ya matope. Nyumba yao ilikuwa ya tofali za kuchoma, na mbele ya uwanja kulikuwa na kibanda kidogo cha mzee peke yake. Nilimkuta ameketi mlangoni anasuka mgono, ule mtego wa samaki wa fito, lakini mikono ilikuwa inasimama kila mara kupumzika.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu. Umekuja kunipima au kunizika?"

Sikujua kama nicheke. Nikakaa, nikatoa dodoso.

"Babu, kwa maoni yako ugonjwa huu umesababishwa na nini?"

"Vijidudu. Si ndivyo mlivyosema? Au mmebadilisha?"

Nikaandika. "Umewahi kwenda kwa mganga wa jadi?"

"Nilikwenda."

Nikakaa sawa, kalamu tayari. Hatimaye nimeipata ile safu ya tatu.

"Akakuambia nini?"

"Alinisikiliza ninavyokohoa, akasema hiki kifua kikuu, mimi sikiwezi, nenda hospitali."

Nikafunga dodoso. Sikulifungua tena siku ile, na kusema kweli sikulifungua tena kabisa.

Tukiwa tumekaa hivyo, mke wa mwanawe alitoka jikoni na sahani iliyofunikwa. Alipofika karibu na mlango akapiga magoti, akaiweka juu ya kigoda, na kikombe cha bati cha maji pembeni, bila kuinua macho. Kisha akaondoka, akazunguka kona ya kibanda. Nilisikia nyayo zake zikisimama nyuma ya ukuta. Mzee akageukia ukuta, akafunua, akala matonge machache ya wali na samaki, akanywa maji. Akachukua kile kikombe akakigonga kwenye kigoda, ko, ko. Yule mama akatokea, akakusanya vyombo, akaenda zake.

"Na dawa za asubuhi, babu?" nikauliza.

"Hivyohivyo. Anaweka, anakwenda, namaliza, nagonga."

Hapo nikaelewa. Zile alama kwenye kadi hazikuwa uongo. Yule mama alikuwa anasimama nyuma ya ukuta kila asubuhi mpaka asikie kikombe, ndipo anakwenda ndani kuweka vema. Asingeweza kusimama mbele ya baba mkwe wake akamtazama mdomoni anavyomeza. Hakuna aliyemuuliza kama anaweza.

"Babu," nikasema, "unazimeza?"

Alisubiri mpaka tukamwona mkwe wake anabeba ndoo anakwenda kisimani. Ndipo akainuka kwa kujishika mlango, akanipeleka nyuma ya kibanda. Chini ya bati kulikuwa na mgono wa zamani, umening'inia, umepasuka ubavu. Akaingiza mkono, akatoa mfuko wa nailoni. Ulikuwa umejaa vidonge. Vingine vilikuwa vimelowa, rangi imechuja, vimegandana.

"Nilimeza siku tatu," akasema. "Siku ya tatu nikaenda chooni nikaona damu."

"Haikuwa damu, babu. Ni rangi ya dawa. Inatoka hivyo kwa kila mtu."

"Nani kasema?"

"Mimi. Nilimwambia mama akuambie."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika na ikabidi nimshike mabega. Alipopata pumzi akanifuta matone ya mate kwenye mkono wangu kwa kiganja chake, kama vile mimi ndiye mgonjwa.

"Ulimtuma mke wa mwanangu aje anizungumzie mkojo wangu?" akasema. "Wewe mtoto kwenu wapi? Kwenu hakuna wakwe?"

Kwetu wapo. Hilo ndilo lililonichoma. Babu mzaa baba aliishi uwanja mmoja na sisi Kisarawe mpaka alipokufa, na mama yangu alikaa naye miaka yote ile bila kumtazama usoni. Alikuwa akimpelekea maji ya kuoga nyuma ya ua wa makuti, anaitua ndoo kwa kishindo ili babu asikie, halafu anakwenda zake. Babu alipozeeka akawa hawezi kujisaidia vizuri, mama alikuwa ananiita mimi. "Nenda kamuulize babu yako kama amepata haja." Nilikuwa na miaka saba. Nilikwenda, nikauliza kwa sauti kubwa, babu akanitukana matusi ya utani, nikarudi kumwambia mama amepata au hajapata. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao. Kazi ile niliifanya kabla sijajua kusoma, halafu nikasomeshwa miaka mingi mpaka nikaisahau.

Kwenye jedwali la mwalimu hapakuwa na safu ya kitu ambacho hata sisi tunacho. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mila ni ya mtu mwingine, inakaa mbali, inavaa shanga.

"Sasa babu, kwa nini ulikuwa unagonga kama hujameza?"

"Asingeondoka. Angesimama pale ukutani mpaka jua liwake, na ana mashamba, ana maji ya kuchota. Nikawa nagonga aende."

"Hukutaka kupona?"

Alikuwa anarudisha mfuko ndani ya mgono, nikamzuia, nikauchukua mimi.

"Mjukuu," akasema, "mke wangu kafa. Tangu kikohozi kianze nina sahani yangu, kikombe changu, mlango wangu. Nakula natazama ukuta. Halafu nakojoa damu. Nikasema basi, mambo yanaisha hivi."

Alisema bila huzuni, kama mtu anayeeleza njia. Huzuni niliichukua mimi, nikapanda nayo baiskeli. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu ninayeaga kitanda kitupu kila asubuhi, na nilimwelewa yule mzee kuliko nilivyotaka.

Ningependa kusema nilikwenda moja kwa moja kwa muuguzi nikakiri. Sikufanya hivyo. Siku mbili nilikaa na jambo lile. Niliandika kwenye ripoti kwamba "mgonjwa hakupata maelezo ya kutosha," nikaiacha sentensi bila mtu ndani yake. Siku ya tatu yule mama alikuja kliniki kuitikia wito, akakaa mwisho kabisa wa benchi, mbali na wenzake, uso umefunikwa nusu na kanga. Nilipomwona vile nikatoka dirishani, nikamfuata muuguzi, nikamweleza yote, pamoja na mfuko wa vidonge na ule mkojo.

Nilisubiri anifokee, ningefurahi.

"Na mimi nilikuwepo," akasema. "Nilikusikia unavyomwambia. Nikapita."

Akatoka nje, akasimama mbele ya foleni, na kwa sauti ileile ya kwaya aliyomwitia mwongo akamwomba radhi. Watu waligeuka. Yule mama alitamani ardhi ipasuke, maana kuombwa radhi hadharani nako ni kutazamwa. Nikamwita pembeni nikamwomba na mimi yangu.

"Nilikusikia vizuri siku ile," akaniambia. "Nilitaka kukuambia palepale kwamba hilo siliwezi. Lakini ulikuwa unaongea haraka. Nikapanga nimwambie mume wangu amwambie baba yake. Kila nikipiga hapatikani, huko mashambani mpaka apande kichuguu. Siku zikapita. Nikajisemea pengine mzee anajua mwenyewe, hawa wazee wanajua mengi."

"Kwa nini hukuniambia mwezi uliofuata, ulipokuja kuchukua dawa?"

Akanitazama, mara ya kwanza. "Hukuniuliza kitu. Uliangalia kadi."

Mzee alianzishiwa dawa upya, kuanzia siku ya kwanza, na kwenye mstari wa msimamizi muuguzi aliandika jina langu. Kuanzia hapo kila asubuhi niliamka kabla ya jua, nikapanda baiskeli, nikafika kwenye uwanja ule wakati kuku wanatoka. Nilikaa naye nje ya mlango, upepo ukipita, nikahesabu vidonge vitatu kwenye kiganja chake na kumtazama mpaka koo limeshuka. Mjukuu anaweza kumtazama babu yake mdomoni. Anaweza hata kumwambia afungue tena aone chini ya ulimi.

"Babu, mkojo?"

"Mwekundu! Leo umezidi. Ukitaka nikuwekee kwenye chupa ukamwonyeshe mwalimu wako."

Tukianza mazungumzo hayo, yule mama alikuwa anaacha alichokuwa anafanya na kuondoka zake nyuma ya nyumba, na mimi nilikuwa nasikia kicheko alichokibana. Baadaye kilikuja kiporo cha wali na samaki, sahani mbili. Mzee alikula yake, mimi yangu, tumekaa tumetazamana. Siku ya kwanza alishika tonge akalishusha, akashika tena. Nikamuuliza kama hajisikii vizuri.

"Nimesahau kula mbele ya mtu," akasema. "Nione kwanza unavyofanya."

Mwezi mmoja ukapita, akaanza kuumaliza ule mgono. Mwezi wa pili makohozi yakawa safi. Alinieleza mafuriko aliyoyaona, samaki waliokuwa wakija na maji mpaka milangoni, na mke wake alivyokuwa akimkemea kwa kunuka mtoni. Mimi nilimweleza mambo ya Kisarawe. Nusu saa hizo za asubuhi zilikuwa nzuri kuliko zote nilizopata kule, na zilinifanya chumba changu kiwe kigumu zaidi. Nilikuwa narudi jioni nakuta kitanda cha mwenzangu, nakaa changu, na kwa mara ya kwanza nikawa najua ninachokikosa.

Ripoti yangu ilirudi kutoka chuoni. Nilikuwa nimeandika yote safari hii, na mtu ndani ya sentensi. Mwalimu alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hapa mila iko wapi?"

Muhula ukaisha mzee akiwa amebakiza miezi minne. Mwanawe alikuwa amerudi na mavuno, lakini angeondoka tena. Nilisumbuka sana nani atakaa pale kila asubuhi. Mzee ndiye aliyelimaliza suala hilo.

"Mwache mkwe wangu asimame nyuma ya ukuta wake," akasema. "Sasa nitagonga kweli."

Nilimkabidhi yule mama kadi. Sikumwongezea maneno. Nilimuuliza tu kama anaweza, nikasubiri ajibu. Akasema kusikiliza anaweza. Asubuhi ya kuondoka nilipita kuaga, mzee akanipa mkono na kuushikilia muda, akaniambia nitafute mke kabla sijawa kama yeye. Nikacheka, nikaenda kupanda basi.

Miezi minne baadaye nilipata picha kwenye simu. Ilikuwa kadi, alama za bluu zimenyooka mpaka siku ya mwisho, na chini yake maneno ya yule mama: "Amemaliza. Wamesema amepona." Picha hiyo ninayo mpaka leo. Miaka kadhaa baadaye alinipigia kunijulisha kwamba mzee amefariki, si kwa kifua, kwa uzee, amelala jioni kibandani kwake hakuamka. Aliniambia kwamba hata baada ya kumaliza dawa mzee aliendelea kugonga kikombe kila asubuhi, na yeye aliendelea kusimama ukutani kusikiliza.

Nimekuwa mfamasia. Ninaishi Dodoma, nimepanga chumba na sebule, mama yangu naye ameshatangulia, na ule ushauri wa mzee kuhusu mke sikuufanyia kazi. Huwa natoka kwenye dirisha langu kwenda benchini, hata foleni iwe ndefu, na wenzangu wananitania kwamba nina miguu isiyotulia. Mwaka huu nilianza kukohoa. Nililisukuma jambo hilo wiki baada ya wiki kama ninavyowakataza watu kufanya, mpaka nikapima, nikakutwa na ugonjwa uleule. Sijui niliupata wapi. Kazi yetu ni ya kupumua na wagonjwa.

Muuguzi aliyenianzishia dawa ni binti mdogo, mchangamfu. Alinisukumia vidonge akasema, "Wewe ni mfamasia, sina cha kukufundisha." Tukacheka wote wawili. Kisha akafika kwenye ule mstari.

"Msimamizi wako nani? Mtu wa nyumbani."

Nikakaa na kalamu. Jirani yangu namjua kwa bajaji yake tu. Wafanyakazi wenzangu sikutaka. Nikawapitia watu mmoja mmoja kichwani, haikuchukua muda, walikuwa wachache. Nikamwambia nitaujaza nyumbani, nikakunja kadi nikaitia mfukoni.

Jioni ile nilimpigia yule mama wa Ifakara. Sijui hata nilitaka nini. Nilimsalimia, nikamuuliza mvua, nikamuuliza mpunga, halafu nikamwambia.

"Una nani hapo?" akauliza.

"Sina mtu, mama."

Nilisikia kuku wake, na mtu anatwanga kwa mbali.

"Andika jina langu," akasema.

"Mama, uko mbali mno."

"Kwani kwa mzee nilikuwa karibu? Ukuta ulikuwa katikati. Wewe gonga tu, nitasikia."

Asubuhi saa moja simu ikaita. Niliiweka mezani, nikafungua sauti, nikameza vidonge vitatu na maji, nikagonga kikombe mezani mara mbili.

"Gonga tena, mtandao unakatika."

Nikagonga tena.

"Haya. Nimeweka vema." Nilidhani atakata. Hakukata. Akawa anapumua tu pale, kama siku ile dirishani, na nikajua kuna neno amelishika. Mzee alishazikwa, na mimi si mkwe wake. Nilikuwa ninalijua neno lenyewe, nimewaambia watu wengi, lakini mimi hapakuwa na mtu aliyekuwa ameniambia.

"Mwanangu," akasema, "mkojo utakuwa mwekundu. Usiogope."